Mtu Asiyepiga Makofi

Mume wangu hapigi makofi. Hapigi harusini, hapigi kwenye mahafali. Hata binti yetu alipomaliza chuo na kuitwa jukwaani, ukumbi mzima ukilipuka kwa vifijo, yeye alisimama wima, mikono nyuma, kama mlinzi wa benki. Machozi yalimtoka, hilo sitamnyima. Lakini makofi, hata moja. Anayemjua hashangai, maana alikuwa refa.

Siku za kazi alikuwa karani wa bohari, na hiyo ndiyo kazi iliyotulisha. Mwisho wa juma alivaa nguo zake nyeusi, akaning'iniza filimbi shingoni na kwenda kutukanwa. Refa hana upande. Akipiga makofi mara moja tu, watu watasema ameshachagua. Basi mikono yake ilizoea kukaa nyuma ya mgongo, na ikabaki hukohuko.

Yeye aliajiriwa na filimbi, mimi niliolewa nayo. Nyumba yetu haikuwa na wageni. Katibu wa timu hii akileta kreti ya soda, inarudi ilikotoka. Mke wa kocha wa timu ile akinialika chai, siendi. "Chai ya bure ina mdomo," alikuwa akisema. "Utainywa leo, kesho itaongea uwanjani." Nilikuwa na rafiki mmoja tu, jirani wa ukuta kwa ukuta, tukiazimana chumvi na siri. Mumewe alikuwa mweka hazina wa klabu. Mume wangu alipotoa penalti dhidi ya klabu hiyo dakika za mwisho wakafungwa, kesho yake nilikuta sufuria yangu mlangoni, imeoshwa vizuri, hodi hakuna. Hatukusalimiana tena. Watu husema msema kweli mpenzi wa Mungu. Sikatai, ila wangemalizia maneno: wa Mungu peke yake.

Uwanjani sikuwahi kwenda. Sina moyo wa kumsikia mama mkwe wangu, mwanamke wa heshima zake, akitajwa na watu elfu moja kwa mpigo. Nilibaki nyumbani, nikachemsha maji ya kuoga, nikasubiri. Alirudi jioni na shati lililolowa, wakati mwingine na alama ya jiwe begani, akavua viatu na kusimama palepale mlangoni bila kuingia. Alikuwa anangoja neno lake. Nami nilimpa, kila wiki, miaka nenda miaka rudi:

"Sikuwepo. Lakini uliona sawa."

Hapo ndipo alipoingia.

Tulipostaafu, binti yetu alituita huku ugenini anakofanya kazi. Alikuwa amejifungua, akataka mtoto alelewe na damu yake. Mume wangu alimwachia mdogo wake filimbi, na kwenye ndege, kabla hata haijaruka, akaniinamia sikioni.

"Mama watoto, huko tuendako mimi ni karani mstaafu. Hayo mengine usimwambie mtu."

"Kwa nini? Uliiba?"

"Nataka kuonja na mimi kuwa na watu."

Nilitaka kucheka, nikaona uso wake si wa kuchekwa. Nikamwekea ahadi.

Na watu tukawapata, tena mpaka tukachoka. Mtaa wetu wa ugenini umejaa wastaafu, wa pale na wa kuja, na wote wanaogopa kukaa bure kama watoto wanavyoogopa sindano. Kuna ukumbi wa zamani wenye sakafu ya mbao na birika kubwa la umeme linalopiga kelele kama treni, na ukutani kuna ratiba. Jumatatu tulikwenda darasa la lugha yao, tukakaa kwenye madawati na magoti yetu yakagonga meza. Mume wangu akaingia kwaya, akapewa besi, ingawa nyumbani alikuwa haimbi hata bafuni. Mimi nikachukua kipande cha bustani nyuma ya ukumbi, nikapanda mchicha uliokataa na maboga yaliyokubali kupita kiasi. Tulijifunza kuchora. Nilimchora mume wangu, na mwalimu akanisifu kwa kuchora mlango mzuri.

Mlezi wetu katika haya yote alikuwa jirani wa ghorofa ya chini, tuliyemwita Bibi Posta kwa sababu alipeleka barua za mtaa ule mpaka miguu ikamkatalia. Anajua nani anaishi wapi, nani alimwandikia nani, na nani hajajibu. Alikuwa akigonga mlango na kuingia kabla hujasema karibu. Siku za kwanza nilikasirika. Baadaye nilijikuta nasikiliza ngazi, kama atachelewa.

Basi hata mwaka wa pili, binti yetu alipohamishiwa na mwajiri wake mji mwingine, mtoto akiwa ameshapata nafasi kwenye kituo cha watoto huko, akatuambia tufungashe, mume wangu alimjibu kwenye simu kwa sauti ya mtu mwenye shughuli: "Mwanangu, hatuwezi. Tuna mazoezi ya kwaya."

Binti akaomba kuzungumza na mimi. "Mama, baba anaumwa?"

"Baba yako ana marafiki," nikamwambia. Binti alikuwa amekulia katika ile nyumba isiyo na wageni, alielewa.

Sasa nije kwenye mchezo. Pale ukumbini, Jumamosi, kwenye uwanja wa changarawe pembeni, watu hucheza mipira ya chuma. Ni mchezo wa watu wasiotaka kukimbia. Kuna kipira kidogo cha mbao, wenyewe wanakiita mtoto, nacho hurushwa kwanza. Kisha kila upande unarusha mipira yake ya chuma, mizito kama jiwe la kusagia pilipili, na mpira uliomsogelea mtoto zaidi ndio ulioshinda. Basi. Mimi nilijaribu kwa utani nikiwa nimetoka bustanini na matope mkononi, na mpira ukaenda ukalala pembeni mwa mtoto kama mama aliyechoka. Kapteni wa timu, mwokaji mikate mstaafu mwenye mikono minene ya unga, akavua kofia. Toka siku ile nikawa mchezaji. Mimi! Niliyekuwa nikiitwa mke wa refa maisha yangu yote, tena si kwa uzuri, nikaanza kuitwa Mkono. "Mkono yuko wapi?" "Mpeni Mkono amalizie." Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, najua, lakini niacheni. Sifa nilizianza uzeeni.

Mume wangu alikuja kila Jumamosi kunitazama. Alichukua kiti cha mwisho, mbali na wenzetu na mbali na wageni, akakaa mikono imefichwa nyuma ya kiti. Nikirusha vizuri, watu wote wanapiga makofi. Yeye anatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayehakiki mzigo boharini. Sikusema kitu. Ila kila nilipotoa mpira mzuri, jicho langu lilikwenda kwenye kile kiti kabla halijakwenda kwa mtoto.

Ikaja fainali na timu ya mtaa wa ng'ambo ya reli. Kikombe chenyewe cha bati, huwezi hata kukinywea chai, lakini Mwokaji alikuwa ameshakisafishia rafu ya kukiweka, na alikuwa ameoka keki yenye neno USHINDI juu yake kwa sukari nyekundu. Nilimwambia keki haiandikwi kabla ya mechi. Akasema huo ni ushirikina.

Tulikwenda bega kwa bega mpaka tukafika mpira wa mwisho wa mchezo, na mpira huo ulikuwa wangu. Nikaushika, nikavuta pumzi, nikaurusha. Ulipaa vizuri, ukatua vizuri, ukajiviringisha polepole ukasimama karibu na mtoto. Upande huu wa mtoto mpira wangu, upande ule mpira wa wageni. Wetu walishangilia, wao pia walishangilia. Hapo ikawa kazi.

Desturi ya mchezo ni kwamba makapteni wawili wapime wenyewe na wakubaliane. Walipima kwa futi, wakainuka na majibu mawili. Wakapima tena, mmoja akaambiwa ameigusa changarawe, mwingine akaambiwa avae miwani. Wakikosa kuelewana, hutafutwa mtu asiyecheza ambaye pande zote zinamkubali. Kapteni wa wageni, mwanamama mrefu aliyewahi kuwa nesi mkuu na bado anatazama watu kama wametoroka wodini, akazungusha macho kote, akanyoosha kidole.

"Yule mzee wa kiti cha mwisho. Toka asubuhi namwangalia. Hajampigia makofi mtu yeyote."

Mwokaji akakohoa kuficha kicheko, akasema haraka, "Tumekubali, tumekubali," kabla yule mama hajabadili mawazo.

Mume wangu akasimama. "Samahani, mama. Mimi sifai. Aliyerusha mpira huo ni mke wangu."

Nesi mkuu akamtazama yeye, akanitazama mimi. "Mkeo? Na hukumpigia makofi hata mara moja?"

"Hapana."

"Basi wewe ndiye," akasema, akamkabidhi futi.

Watu walicheka sana. Mimi sikucheka. Nilimwona anavyotembea kuja, na nikamjua. Ile haikuwa hatua ya karani wa bohari. Aliwaomba wote warudi nyuma, nao wakarudi bila kubisha, na Bibi Posta akaninong'oneza, "Huyu mzee wako alikuwa askari?" Akapiga goti moja kwenye changarawe, goti lilelile linalomsumbua akipanda ngazi. Akapima mpira wangu, akapima wa wageni, akarudia wangu. Kisha akasimama, na kabla hajasema alinitazama. Kwa muda mfupi sana. Halafu akanyoosha mkono kuelekea mpira wa wageni.

"Huu uko karibu zaidi," akasema. "Kwa unene wa kidole."

Kikombe kikaenda ng'ambo ya reli. Nesi mkuu alimshika mume wangu mkono kwa mikono yake miwili, jambo ambalo halikunifariji. Wenzetu walikusanya mipira na kuifuta. Mwokaji akaifunika keki yake kwa kitambaa kama maiti.

Tulirudi nyumbani. Mimi nilitangulia ngazi, nikafungua mlango, nikaingia. Nyuma yangu nilisikia viatu vikivuliwa, kimoja, kisha cha pili. Halafu kimya. Nilijua anafanya nini. Amesimama palepale mlangoni, na anangoja.

Nikaenda jikoni, nikafungua bomba maji yatoke kwa nguvu. Taa ya ngazi pale kwetu hujizima yenyewe mtu akikaa bila kutembea. Niliiona ikizimika, na yeye bado yuko nje gizani na soksi zake. Mwishowe aliingia mwenyewe, taratibu, akafunga mlango.

Siku zilizofuata nilimpa chakula, nilimpa chai, shati nilimpigia pasi. Neno lake sikumpa. Nilikuwa na hasira na sikuona sababu ya kuificha. Na si hasira ya mpira. Mpira ule niliuona mwenyewe unavyotua, mkono wangu unajua ulichorusha, na ulikuwa mrefu kwa unene wa kidole, kama alivyosema. Lakini miaka yote ile nilikuwa upande wake bila kuona mchezo. Yeye ameona wangu wote, Jumamosi hadi Jumamosi, na mtu wa kando akatangaza mbele ya watu kwamba hajulikani ni wa nani. Hiyo iliniuma, na ilipouma ikakaa.

Jumanne hakwenda kwaya. Alhamisi hakwenda kuchora. Alikaa dirishani akitazama paa la ukumbi, na nikasikia akizungumza na binti yetu kwenye simu. "Ndiyo, mwanangu, tutakuja. Huku naona kumetosha. Tafuta vyumba viwili vya chini, mama yako hapendi ngazi." Ni uongo. Mimi ngazi nazipenda, zina sauti ya Bibi Posta.

Hapo nikashtuka. Maboga yangu yalikuwa yanakaribia kukomaa. Nilikuwa na jina la kwangu kwa mara ya kwanza. Na mtu huyu alikuwa anafungasha maisha yetu kwa sauti ya chini, kama alivyokuwa akirudisha kreti za soda.

Ijumaa mlango ukagongwa na kufunguliwa kwa mpigo mmoja. Bibi Posta, na nyuma yake Mwokaji amebeba keki. Lile neno alikuwa amelikwangua kwa kisu, yakabaki mashimo na wekundu, ungesema keki imeugua surua.

"Mzee yuko wapi?" Bibi Posta akauliza. "Besi nzima imebaki na mtu mmoja, naye ana mafua."

"Yuko chumbani. Anadhani mmemkasirikia."

"Tumkasirikie kwa nini? Mimi nilikuwa nimekasirikia futi." Mwokaji akaweka keki mezani. "Tena tumekuja na ombi. Vilabu vyote vya mipira vinamtaka awe mwamuzi wao. Yule mama nesi amepiga simu kila mahali. Anasema amempata mtu mmoja mkweli na anataka kumtumia kabla hajafa."

"Nesi mwenyewe ndiye anayekaribia kufa," Bibi Posta akasema, "ila mwacheni." Wakakata vipande, wakala viwili viwili, wakaniachia vyetu kwenye sahani na kushuka ngazi wakibishana.

Nikaingia chumbani. Alikuwa amekaa kitandani, begi tupu limefunguliwa miguuni.

"Umewasikia?"

"Nimewasikia."

"Hawajakununia."

"Nimesikia, mama." Akalitazama begi. "Wale sikuwa na wasiwasi nao sana. Wangeninunia ningezoea. Nimenuniwa na miji mizima."

"Sasa unafungasha nini, kama si wao?"

Mume wangu hajui kusema vitu vya moyoni. Hutoka kwake kama mtu anayetoa mwiba.

"Uwanjani walikuwa wanatukana elfu moja," akasema. "Elfu mbili. Sikuwa nasikia. Nilikuwa nawaza, nikifika mlangoni kuna mmoja. Sasa Jumamosi nimesimama mlangoni, na yule mmoja ndiye aliyefungwa." Akajaribu kucheka. "Nikasema, basi. Kama huyo naye nimempoteza, hata tukienda kukaa wapi ni sawa."

Nikakaa kando yake. Nilikuwa nimedhani ninamnyima sukari kwenye chai. Kumbe nilikuwa nimemfungia nyumba.

"Hukunipigia makofi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, ya mtoto, na sikuipenda. "Sitaki unionee huruma kwenye kipimo. Nataka makofi. Mechi zote zile, hata moja!"

Alinigeukia kama mtu aliyeambiwa ana ndugu asiyemjua. Akaitazama mikono yake, akaigeuza huku na huku. "Mama, sikujua kama unaitazama."

"Kila nikirusha."

Chini ngazini Bibi Posta bado alikuwa anabishana. Nikasimama, nikamvuta mkono, nikampeleka mpaka mlangoni, nikafungua na kumtoa nje kwenye ngazi na soksi zake. Alikuwa na hofu, nadhani alifikiri namfukuza. Nami nikasimama ndani, kizingiti kati yetu.

"Nilikuwepo," nikamwambia. "Uliona sawa."

Aliingia. Alipita moja kwa moja hadi jikoni akala kipande chake cha keki na changu pia, amesimama, mgongo amenipa, kwa sababu hakutaka nione uso. Nilimwacha. Begi nililirudisha juu ya kabati mwenyewe.

Jumamosi yake yalikuwa mazoezi tu, jua zuri, watu wachache. Alikuja, akachukua kiti chake kilekile cha mwisho, akakiinua, akakileta mpaka mstari wa mbele upande wetu, akakaa. Ikafika zamu yangu. Sijui ni kwa kujua ananitazama, au ni uzee, mkono uliniteleza. Mpira ulipaa juu kama ndege, ukavuka uwanja, ukavuka ubao wa mpaka, ukaingia kwenye maboga yangu mwenyewe. Watu wote wakaguna.

Mtu mmoja akapiga makofi. Yalikuwa makofi mabaya, mazito, hayana mpangilio, viganja vikikosana njiani.

"Mzee!" Bibi Posta akamwambia. "Huo umetoka nje!"

"Nimeuona," mume wangu akasema, na akaendelea kupiga.